Maisha ya Michael Faraday, Mwana wa Mhunzi Aliyeitazama Dhahabu katika Nuru

Katika nchi ya Uzigua, upande wa Handeni, habari za dhahabu si ngeni. Katika kilima cha Magambazi wachimbaji wadogo wamechimba mashimo, wakasaga mawe na kuyaosha kwa maji, wakitafuta chembe zing'aazo. Kila aliyeishika dhahabu ajua kwamba rangi yake ni ya manjano. Lakini katika zahanati za Handeni na Korogwe iko dhahabu nyingine, isiyopimwa kwa mizani ya mfua dhahabu, na rangi yake ni nyekundu kama divai. Mama amletaye mtoto mwenye homa huiona mbele ya macho yake, wala hajui kwamba ni dhahabu. Ni ule mstari mwembamba mwekundu utokeao katika kipimo cha haraka cha malaria, baada ya tone la damu kutiwa.

Mtu wa kwanza kuifahamu vema dhahabu hiyo nyekundu, na kusema kwa hoja kwamba ni dhahabu tupu iliyogawanyika sana, alikuwa Mwingereza aitwaye Michael Faraday. Watu wengi wamjua kwa habari ya umeme. Kazi yake ya dhahabu haijulikani sana. Twataka kuyaeleza maisha yake kwa utaratibu, tuone jinsi alivyoifikia kazi hiyo, na jinsi ilivyotufikia sisi.

Utoto wake

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba mwaka wa 1791, mahali paitwapo Newington Butts, karibu na mji wa London. Alikuwa mtoto wa tatu katika watoto wanne. Baba yake, James Faraday, alikuwa mhunzi aliyetoka upande wa kaskazini ya Uingereza kuja kutafuta kazi. Wenyeji wa Handeni na Usambara waijua kazi ya mhunzi: moto, mivukuto, nyundo na jasho. Inataka mwili wenye afya. Na mzee James hakuwa na afya. Mara nyingi alishindwa kwenda kiwandani, na siku asiyokwenda hapakuwa na mshahara.

Katika mwaka wa 1801 bei ya nafaka ilipanda sana katika Uingereza. Michael alikuwa na miaka tisa. Nyumbani kwao alipewa mkate mmoja, umtoshe juma zima. Shule alikwenda kidogo tu, akajifunza kusoma, kuandika na hesabu za kwanza, basi.

Wazazi wake walikuwa washiriki wa kundi dogo la Wakristo lililoitwa Wasandemania, watu waliofuata Maandiko kwa unyofu na kutojiwekea akiba ya mali. Michael alidumu katika kundi hilo maisha yake yote, akawa mzee wake mara mbili. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa sababu ndilo lililomfanya asitamani utajiri wala vyeo, hata alipoweza kuvipata.

Mwanafunzi wa kutia vitabu majalada

Mwaka wa 1804 Michael alianza kutumwa na Bwana George Riebau, muuza vitabu, kuwapelekea watu magazeti. Mwaka uliofuata akaandikwa kuwa mwanafunzi wake, ajifunze kazi ya kutia vitabu majalada kwa muda wa miaka saba. Watu wengine hushona karatasi za vitabu bila kuangalia zilizoandikwa nini. Michael alishona, na jioni akasoma alivyovishona. Katika kitabu kikubwa cha elimu zote, Encyclopaedia Britannica, alikuta habari za umeme. Katika kitabu cha Bibi Jane Marcet alijifunza kemia. Wala hakuridhika kusoma tu: kwa senti alizoweza kubakiza alinunua vitu vichache, akajaribu kwa mikono yake kama yaliyoandikwa ni kweli.

Mwaka wa 1810 baba yake alikufa. Katika siku hizo Michael alitamani kusikiliza masomo ya elimu yaliyotolewa usiku mjini, ambayo kila somo lililipiwa shilingi moja. Kaka yake Robert, aliyekuwa mhunzi kama baba yao, alimlipia. Basi shilingi za mhunzi ndizo zilizomfungulia mlango.

Mwaka wa 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tikiti za kumsikiliza Humphry Davy, mtaalamu mkubwa wa kemia, katika nyumba ya elimu iitwayo Royal Institution. Michael alisikiliza masomo manne, akaandika yote aliyoyasikia, akachora picha za vyombo, kisha akayatia jalada kwa ufundi wake mwenyewe. Kitabu hicho akampelekea Davy, akimwomba kazi. Nafasi haikuwapo. Lakini baada ya miezi michache mtumishi mmoja wa maabara alifukuzwa kwa kosa la kupigana, ndipo Davy akamkumbuka kijana mtia majalada. Tarehe 1 Machi 1813 Michael akaanza kazi, kwa mshahara wa shilingi 25 kwa juma, pamoja na vyumba viwili juu ya nyumba, makaa na mishumaa.

Safari na majaribu

Mwaka huo huo Davy na mkewe walifunga safari ya kuzunguka Ulaya, wakamchukua Michael. Alikwenda kama msaidizi wa elimu. Lakini mtumishi wa Davy alikataa kusafiri, na Michael akatakiwa kushika kazi za mtumishi pia. Bibi Davy alimdharau, akamlazimisha kula pamoja na watumishi. Michael aliumia, hata akafikiri kurudi kwao. Lakini alivumilia, kwa kuwa kila siku alikuwa akijifunza jambo jipya. Mwaka wa 1814, katika mji wa Florence nchini Italia, aliona almasi ikiunguzwa kwa miali ya jua iliyokusanywa kwa kioo kikubwa, ikaonekana kwamba almasi ni kaboni tupu, ndugu yake makaa. Hivyo alijifunza mapema kwamba kitu kimoja chaweza kuwa na sura mbili zisizofanana kabisa. Somo hilo lilimfaa baadaye alipoishughulikia dhahabu.

Baada ya kurudi, mwaka wa 1815, alimsaidia Davy kutengeneza taa ya wachimbaji wa makaa, isiyowasha hewa mbaya iliyo chini ya ardhi. Mwaka wa 1821 alimwoa Sarah Barnard, binti wa mzee mmoja wa kundi lao. Hawakujaliwa watoto, lakini waliishi kwa upendo hata mwisho. Mwaka wa 1824 alichaguliwa kuwa mshiriki wa Royal Society, baraza kuu la wataalamu wa Uingereza. Aliyempinga alikuwa Davy mwenyewe, rais wa baraza hilo, maana mwanafunzi alikuwa ameanza kusifiwa kuliko mwalimu. Faraday hakulipa ubaya kwa ubaya. Siku zote alimtaja Davy kwa heshima.

Umeme

Tarehe 29 Agosti 1831 Faraday alizungushia nyaya mbili katika pete ya chuma, upande huu na upande huu, akaona kwamba umeme ukianza au ukikoma katika waya wa kwanza, umeme huruka kwa dakika ndogo katika waya wa pili usiougusa. Kisha akaona kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya, umeme huzaliwa. Jambo hili laonekana dogo, lakini mashine zote kubwa za kuzalisha umeme kwa mzunguko zimesimama juu yake. Pale Hale, katika wilaya ya Korogwe, maji ya mto Pangani hushuka na kuzungusha mitambo ya kituo kilichoanza kazi mwaka wa 1964. Kuzunguka kwa sumaku karibu na nyaya ndiko kutoako umeme. Mtu wa Korogwe awashaye taa usiku atumia kazi ya mwana wa mhunzi.

Faraday angaliweza kutajirika kwa maarifa haya, hakufanya hivyo. Aliitwa awe rais wa Royal Society, akakataa. Alipenda zaidi kubaki katika maabara yake, na wakati wa Krismasi kuwafundisha watoto. Kwa jumla alitoa mafundisho hayo ya Krismasi mara 19.

Lakini mwili ulidhoofika. Alipokaribia miaka hamsini alipatwa na ugonjwa wa kichwa na kizunguzungu, na kumbukumbu zake zikaanza kumtoroka. Mwaka wa 1841 alikwenda Uswisi kupumzika. Mtu mwenye kazi ya akili akipotewa na kumbukumbu ni kama mhunzi aliyeumia mkono. Faraday hakukata tamaa. Alikuwa na desturi ya kuandika kila jaribio katika daftari na kulipa kila fungu namba yake. Sasa desturi hiyo ikawa fimbo ya kumwongoza. Lililomtoka kichwani alilikuta katika daftari. Mafungu hayo yalipita 16,000 kabla hajaweka kalamu chini.

Dhahabu katika nuru

Mwaka wa 1845 Faraday aligundua kwamba sumaku yaweza kuugeuza mwelekeo wa mtikisiko wa nuru ipitayo katika kioo kizito. Tangu hapo aliamini kwamba nuru, umeme na sumaku ni jamaa moja. Akataka kujua zaidi: nuru ikikutana na metali, kuna nini?

Mwaka wa 1856, naye ana miaka 64, akaichagua dhahabu. Alikuwa na sababu njema. Hakuna metali iwezayo kufuliwa ikawa nyembamba kama dhahabu. Mafundi hulifua jani la dhahabu hata majani 282,000 yakipangwa juu kwa juu yafikie inchi moja tu, kwa hesabu aliyoiandika Faraday. Jani la namna hiyo ni jembamba kuliko wimbi moja la nuru. Akalibandika juu ya kioo, akalitazama. Likiangaliwa kwa upande wa mbele, ni la manjano kama dhahabu zote. Lakini likiinuliwa na kutazamwa kinyume cha nuru, nuru ipenyayo ni ya kijani. Akalitia joto, rangi ya kijani ikatoweka; akaligandamiza kwa kitu kigumu, rangi ya kijani ikarudi. Wala hakuongeza kitu wala kupunguza kitu. Dhahabu ni ile ile. Kilichobadilika ni namna ilivyojipanga.

Kisha akatafuta namna ya kufanya dhahabu iwe nyembamba zaidi kuliko nyundo iwezavyo. Aliyeyusha dhahabu katika tindikali kali, akachanganya na maji mengi. Juu yake akaweka fosforasi, ambayo huirudisha dhahabu katika hali ya metali. Utando mwembamba wa dhahabu ulitokea juu ya maji. Alipokuwa akiziosha tando hizo, aliona kwamba maji aliyooshea yamekuwa mekundu kidogo. Mtu mwingine angaliyamwaga. Faraday aliyahifadhi, akayachunguza.

Alitengeneza maji hayo kwa wingi, mekundu kama yakuti. Akajiuliza: je, hii ni dhahabu iliyoyeyuka kama chumvi, au ni dhahabu ngumu iliyogawanyika vipande vidogo mno? Kwa hadubini zake hakuona kitu. Ndipo akakusanya miali ya jua kwa kioo, akaipitisha katika chupa. Ndani ya maji yaliyoonekana safi ukatokea mwanga wa umbo la pia, wenye rangi ya dhahabu, kama miali ya jua inavyoonekana katika nyumba yenye vumbi. Maji matupu hayafanyi hivyo. Basi akajua kwamba ndani yake zimo chembe, ingawa hakuna jicho liwezalo kuziona moja moja.

Akaendelea. Alitia chumvi kidogo katika maji mekundu, mara yakageuka kuwa ya samawati, na baadaye dhahabu ikatua chini. Lakini akitangulia kutia jelatini, ile gundi laini ipatikanayo kwa kuchemsha mifupa na ngozi, chumvi haikuwa na nguvu tena, wekundu ulibaki. Akafahamu kwamba chumvi huzifanya chembe zishikamane, na jelatini huzifunika zisigusane.

Tarehe 5 Februari 1857 aliyasoma haya mbele ya Royal Society. Alikiri waziwazi kwamba alilolitafuta hasa, yaani jinsi nuru itendavyo kazi ndani ya metali, hakulipata. Alikuwa na chupa zenye rangi nzuri, na maswali. Chupa chache katika hizo zimetunzwa katika Royal Institution mjini London, na wekundu wake haujapotea.

Mwisho wake

Baada ya hayo nguvu zake zilipungua upesi. Mwaka wa 1858 Malkia Victoria alimpa nyumba ya kukaa huko Hampton Court. Kumbukumbu zake zilizidi kufifia, akaacha kazi moja baada ya nyingine. Tarehe 25 Agosti 1867 alikufa kwa amani, ameketi katika kiti chake, akiwa na miaka 75. Alizikwa katika makaburi ya Highgate, London, na juu ya kaburi lake likawekwa jiwe la kawaida lenye jina lake na tarehe zake.

Waliomfuata

Swali lake lilijibiwa na wengine polepole. Mwaka wa 1897 J. J. Thomson aligundua elektroni, vile vijichembe vya umeme vilivyomo katika vitu vyote. Mwaka wa 1903 Richard Zsigmondy na Henry Siedentopf walitengeneza hadubini iliyoangaza chembe za dhahabu kwa ubavu, na kila chembe ikaonekana kama nyota ndogo katika giza. Mwaka wa 1908 Gustav Mie, Mjerumani, aliandika hesabu za kueleza rangi zake. Na mwaka wa 1957, miaka mia kamili baada ya somo la Faraday, Rufus Ritchie wa Marekani alionyesha kwamba elektroni zilizo juu ya uso wa metali nyembamba zaweza kutikisika zote pamoja, kama wimbi moja. Mtikisiko wa namna hiyo huitwa plasmoni.

Jambo lenyewe laweza kufahamika hivi. Mwanamke abebaye ndoo ya maji kichwani ajua kwamba maji yana mwendo wake. Akitembea kwa hatua zisizopatana na mwendo huo, maji hutulia. Hatua zake zikipatana nao, maji huyumba zaidi na zaidi hata yakamwagika. Elektroni katika chembe ya dhahabu ni kama maji ndani ya ndoo. Nuru ni mtikisiko, na kila rangi ina hatua zake: nyekundu huenda hatua za polepole, samawati hatua za haraka, kijani katikati. Katika chembe ndogo ya dhahabu, hatua za rangi ya kijani ndizo zipatanazo na kuyumba kwa elektroni. Basi chembe huimeza nuru ya kijani na kuigeuza kuwa joto, na kiasi kidogo huitawanya pande zote. Nuru ikiisha kunyang'anywa kijani chake, ibakiyo machoni petu ni nyekundu. Chembe zikishikamana, elektroni za chembe moja huvutana na za jirani yake, na kuyumba kwao hupungua mwendo. Sasa wimezao ni wekundu, na iliyobaki ni samawati. Hiyo ndiyo habari ya chumvi katika chupa ya Faraday.

Udogo wa chembe hizo ni wa ajabu. Tukigawanya milimita moja kwa sehemu milioni, kila sehemu huitwa nanomita. Chembe zitumikazo katika vipimo vya ugonjwa huwa, mara nyingi, za upana wa nanomita 20 hadi 40. Unywele wa mtu una nanomita zapata 80,000.

Kipande cha dhahabu katika zahanati

Tangu zamani homa katika nchi yetu ilihesabiwa kuwa malaria, na mgonjwa akapewa dawa ya malaria bila kupimwa, hasa pasipokuwa na hadubini. Madhara yake yalionekana katika uchunguzi uliofanywa katika hospitali kumi za kaskazini mashariki ya Tanzania na kuchapishwa mwaka wa 2004. Wagonjwa 4,474 walikuwa wamelazwa na kutibiwa kwa malaria kali. Damu zao zilipochunguzwa kwa uangalifu, waliokuwa na vijidudu vya malaria walikuwa 2,062 tu. Waliobaki walikuwa na ugonjwa mwingine, nao walitibiwa kwa jina lisilo lao. Na miongoni mwao vifo vilikuwa vingi zaidi kuliko miongoni mwa wenye malaria ya kweli. Mwaka wa 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza, ndipo atibiwe.

Hapo ndipo dhahabu nyekundu ilipoingia vijijini. Ndani ya kile kipande cha plastiki umo ukanda wa karatasi maalumu. Mwanzoni mwake zimewekwa chembe za dhahabu zilizovikwa kingamwili, yaani askari wadogo wa mwilini wenye kumtambua adui mmoja tu: hapa ni protini itolewayo na kijidudu cha malaria. Damu na matone ya dawa ya maji hutambaa katika ukanda, ikizichukua chembe. Kama protini hiyo imo, chembe huikamata. Mbele katika ukanda upo mstari wa kingamwili nyingine uliosimama kama kizuizi cha njiani, nao huikamata protini pamoja na dhahabu iliyoshikamana nayo. Chembe moja haionekani. Lakini zikikusanyika maelfu kwa maelfu katika mstari mmoja, wekundu hutokea. Na kama vile Faraday alivyozifunika kwa jelatini zisigusane, ndivyo zilivyofunikwa hapa kwa protini, ili rangi isiharibike kwa chumvi iliyomo katika damu. Hakuna umeme unaohitajika, wala hadubini, wala mtaalamu wa mbali.

Mji wa Korogwe umekuwa na sehemu yake katika vita hivi. Kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kilichopo huko kilikuwa kimojawapo cha vituo 11 vya Afrika vilivyoshiriki, kati ya mwaka wa 2009 na 2014, katika jaribio kubwa la chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani liliikubali chanjo hiyo kwa watoto. Wazazi wa Korogwe waliowatoa watoto wao wapimwe na kufuatiliwa miaka mingi wamewafaa watoto wa nchi nyingine, ambao hawatawaona kamwe.

Basi, msomaji mpenzi, mtoto akipata homa usingoje wala usimpe dawa ya kubahatisha. Mpeleke zahanati siku ile ile, na umwombe mganga ampime. Mstari ulio karibu na herufi ya kuthibitisha ukitokea peke yake, kipimo kimefanya kazi lakini malaria haikuonekana. Usifurahi upesi ukaondoka, maana homa ina sababu, na sababu hiyo yapasa kutafutwa. Mistari miwili ikitokea, malaria imeonekana, hata kama mmoja ni hafifu sana. Mstari hafifu ni mstari. Mstari wa kuthibitisha usipotokea, kipimo kimeharibika, na mtoto apimwe tena kwa kipya. Na muda ulioandikwa na watengenezaji usipunguzwe wala usizidishwe, kwa kuwa ukanda uliosomwa mapema mno au kwa kuchelewa waweza kudanganya.

Faraday alikufa asijue kwamba maji yake mekundu yatakuwa na faida yoyote. Hakumwaga maji ya kuoshea. Aliyatia katika chupa, akaandika habari zake kwa namba katika daftari, akawaachia wengine. Wengine nao wakaongeza, kila mtu kwa zamu yake, mpaka leo mganga wa kijijini Handeni aweza kumjibu mama kwa robo ya saa.